Mabaharia wa Mto Hunter

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari ya vitu vilivyodumu. Husoma habari za falme zilizotawala karne nyingi, za miji iliyosimama tangu zamani za mababu, na za vilabu vya michezo ambavyo kabati zao zimejaa vikombe. Kitu kilichozaliwa na kufa katika mwaka mmoja hakipewi hata ukurasa. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu ninakofundisha alinikabili siku moja na swali hili: "Mwalimu, timu iliyocheza mwaka mmoja tu, nayo isitwae kombe lolote, ina historia gani ya kusimuliwa?" Siku ile kengele ililia kabla sijamjibu. Insha hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila kijana mwenye swali kama lake.

Timu ninayotaka kuisimulia iliitwa Hunter Mariners, jina ambalo maana yake ni Mabaharia wa Hunter. Makao yake yalikuwa katika mji wa Newcastle, nchini Australia. Ilicheza msimu mmoja, wa mwaka 1997, kisha ikavunjwa. Katika msimu huo mmoja ilivuka bahari, ikaishinda timu mashuhuri ya Uingereza nyumbani kwake, ikafika fainali ya mashindano ya vilabu vya dunia; na bado watu wengi wa mji wake hawakuipenda. Jinsi mambo hayo mawili yalivyoweza kukaa pamoja ndiyo habari yenyewe.

Kwanza hapana budi tuufahamu mchezo. Raga tunayoichezea shuleni hapa Kenya ni ile ya wachezaji 15, au ile ya 7 ambayo imeipa nchi yetu sifa nyingi. Hunter Mariners haikucheza raga hiyo. Ilicheza raga ya ligi, ambayo ni ndugu wa raga yetu, lakini ni ndugu waliogombana zamani. Mwaka 1895 vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilikutana katika mji wa Huddersfield vikajitenga na chama kikuu cha raga. Sababu ya ugomvi ilikuwa ni mkate. Wachezaji wa kaskazini wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, na kila walipokwenda kucheza Jumamosi walikatwa ujira wa siku. Vilabu vyao vilitaka kuwalipa fidia ya ujira huo, na wakuu wa chama wakakataa, wakisema kwamba muungwana hachezi kwa fedha. Maneno hayo ni rahisi kutamkwa na mtu ambaye hakosi chakula cha jioni.

Baada ya kujitenga, vilabu hivyo vilianza kuzibadili sheria. Mwaka 1906 idadi ya wachezaji ilipunguzwa kutoka 15 hata 13, ili uwanja uwe na nafasi ya kukimbia. Leo timu yenye mpira hupewa nafasi ya kukabwa mara 6. Ikikabwa mara ya sita bila kufunga, huutoa mpira kwa wapinzani. Trai moja ni alama 4, na teke la nyongeza ni alama 2. Mchezo huo ulifika Sydney, na mwaka 1908 ligi yake ya kwanza ikaanza huko. Tangu siku hizo ukawa mchezo wa wafanyakazi katika jimbo la New South Wales, kama ulivyokuwa kaskazini mwa Uingereza.

Sasa tuitazame nchi. Mto Hunter huingia baharini mwendo wa kilomita 160 hivi kaskazini ya Sydney. Kabla ya Wazungu kufika, pwani hiyo ilikuwa ya watu waitwao Awabakal. Mwaka 1797 afisa mmoja wa jeshi la maji, John Shortland, aliuona mlango wa mto na makaa ya mawe yaliyolala karibu nao, akaupa mto jina la Gavana John Hunter. Mwaka 1804 serikali iliweka hapo kituo cha wafungwa ili wachimbe makaa hayo. Kituo kikawa mji, na mji ukaitwa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza uliosifika kwa makaa. Mwaka 1915 kampuni ya BHP ilifungua hapo kiwanda kikubwa cha chuma cha pua. Kwa zaidi ya miaka 80 moshi wa kiwanda hicho ulikuwa saa ya mji: kijana alimaliza shule akaingia langoni mwake, kama baba yake na babu yake walivyoingia.

Watu wa namna hiyo walipendana na raga ya ligi tangu ilipozaliwa. Newcastle ilikuwa na timu katika ligi ile ya kwanza ya Sydney, misimu ya 1908 na 1909; kisha mji na vitongoji vyake vya migodi, kama Maitland, Cessnock na Kurri Kurri, vikaanzisha ligi yao wenyewe. Kwa muda wa miaka karibu 80 watu wa Hunter walikuwa wakiwalea wachezaji wazuri, na Sydney ikiwachukua. Hata mwaka 1988 mji ulipata tena timu yake katika ligi kuu, nayo ikaitwa Newcastle Knights. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1989, tetemeko la ardhi liliupiga mji na watu 13 wakafa. Mji uliojenga nyumba zake upya ulikuwa na timu changa ya kuishangilia pamoja. Mtu hawezi kununua kwa fedha upendo uliopatikana kwa njia hiyo. Na msomaji alishike neno hili, kwa kuwa ndilo litakalotueleza yote yaliyofuata.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika Australia ya mwaka 1995 tembo walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Rupert Murdoch, mwenye magazeti na vituo vya televisheni katika mabara kadhaa. Wa pili alikuwa Kerry Packer, mwenye kituo kikubwa cha televisheni katika Australia. Wakati huo televisheni ya kulipia ilikuwa ndiyo kwanza inaingia nchini humo, na kila mmoja alijua kwamba watu wa Sydney na Brisbane wangelipa fedha ili waone raga ya ligi nyumbani. Packer alishika haki za kuonyesha mchezo. Kampuni ya Murdoch ilipokosa njia ya kuingia mlangoni, iliamua kujenga nyumba nyingine: ikaanzisha ligi mpya, ikaiita Super League.

Tangu mwisho wa Machi na siku za kwanza za Aprili 1995, mawakala wa pande mbili walikuwa wakizunguka usiku na mchana wakiwa na mikataba na kalamu. Mchezaji aliyelala akiwa na mshahara wa kawaida aliamka akiahidiwa mali ambayo hakupata kuiota. Rafiki walitengana, vilabu viligawanyika, na watu waliokuwa wakikaa benchi moja uwanjani hawakusalimiana. Vilabu 8 vilikwenda upande wa Super League. Newcastle Knights, baada ya shaka na mabishano mengi, ilibaki na chama cha zamani, kiitwacho kwa kifupi ARL.

Basi wakuu wa Super League wakaona pengo. Bonde la Hunter ni bonde la raga. Ligi isiyo na timu huko ilikuwa kama duka lisilo na mlango upande wa sokoni. Ikiwa Newcastle haikuja kwao, wao wangekwenda Newcastle. Hivyo ndivyo Hunter Mariners ilivyozaliwa. Haikuzaliwa na mkutano wa wazee wa mji, wala na vijana waliochanga senti zao kununua mpira, wala na kijiji kilichofyeka uwanja. Ilizaliwa katika ofisi, kwa sababu ramani ya biashara ilikuwa na nafasi tupu. Tuseme haki: vilabu vingi vya leo vimezaliwa hivyo, na vingine vimekua vikapendwa. Lakini Mabaharia walipandwa katika shamba ambalo tayari lilikuwa na mti, na mti huo ulikuwa na mizizi mirefu.

Mambo yalikawia kwa ajili ya mahakama. Mwezi wa Februari 1996 Jaji Burchett aliwapa ushindi wakuu wa ARL, na Super League ikazuiwa kucheza. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo majaji wa rufaa waliipindua hukumu hiyo. Kwa hiyo mwaka 1997 nchi moja ilikuwa na ligi kuu mbili za mchezo mmoja: ARL yenye timu 12, na Super League yenye timu 10. Katika hizo 10, mbili zilikuwa mpya kabisa, Adelaide Rams na Hunter Mariners. Na Newcastle, mji usiofika hata robo ya ukubwa wa Sydney, ukawa na timu mbili za ligi kuu ambazo hazikuruhusiwa kukutana uwanjani.

Uwanja mkubwa wa mji ulikuwa wa Knights. Mabaharia walikwenda kucheza katika uwanja mdogo wa Birmingham Gardens, uliokuwa makao ya timu ya kandanda. Kocha wao alikuwa Graham Murray, mtu aliyekuwa amekwisha kuifundisha timu ya Illawarra. Wachezaji wake walikuwa mchanganyiko: wengine wageni, wengine wenyeji wa bonde lile lile waliokuwa wakivaa fulana ya Knights mwaka mmoja kabla. Kati yao walikuwamo Robbie Ross, Brad Godden, na kijana mdogo wa umbo, Brett Kimmorley.

Tusimame kidogo kwa Kimmorley, kwa kuwa kisa chake kinatufunza kutowahukumu watu kwa haraka. Nafasi aliyocheza ni ile ya mchezaji anayeuongoza mpira, na katika Knights nafasi hizo mbili za kuongoza zilikuwa mikononi mwa ndugu wawili, Matthew Johns na Andrew Johns. Andrew alikuwa mmoja wa wachezaji bora ambao Australia imepata kuwaona. Kijana aliyekuwa nyuma ya ndugu hao angeweza kukaa benchi mpaka mvi zimwote. Timu mpya ilipofungua mlango, aliingia. Wako mashabiki waliomwita kila mchezaji wa Mabaharia msaliti aliyeuza mji wake kwa fedha. Fedha zilikuwapo, hilo halikanushwi. Lakini je, kijana mwenye kipawa anayetafuta mahali pa kukitumia amemsaliti nani? Na tukumbuke kwamba mchezo huu wenyewe ulizaliwa mwaka 1895 na watu waliosema kwamba mchezaji ana haki ya kulipwa. Wajukuu wa wachimba makaa walikuwa wepesi wa kuisahau asili hiyo.

Msimu ulianza mwezi wa Machi. Mabaharia hawakuwa wabovu kama wapinzani wao walivyotumaini, wala hawakuwa wakali kama matajiri wao walivyotamani. Katika mechi 18 walishinda 7, wakamaliza wa sita katika timu 10. Kwa timu iliyoundwa kutoka mwanzo, hiyo haikuwa aibu. Ilikuwa juu ya vilabu kadhaa vilivyoitangulia kuzaliwa. Lakini viti vya uwanja wao havikujaa. Timu ikishindwa na watu wake wakalia, timu hiyo ina uhai. Timu ikishinda na jirani wakafunga madirisha, uhai wake u mashakani.

Kisha kukatokea jambo lililoushtua mji kuliko raga yote. Mwezi wa Aprili 1997 kampuni ya BHP ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza chuma Newcastle. Kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1915 kingezimwa, na kweli kilizimwa mwezi wa Septemba 1999. Fikiri, msomaji, hali ya baba wa nyumba asomaye tangazo kama hilo gazetini. Kazi aliyoirithi hatairithisha. Ujuzi wa mikono yake hauna tena mnunuzi. Na aliyeamua jambo hilo hakai mtaa wake. Hesabu zake zilifanywa katika ofisi za mbali.

Hapo ndipo Mabaharia walipoponzwa na wakati. Mji uliotoka kuachwa na kampuni kubwa haukuwa na moyo wa kuipokea timu iliyoletwa na kampuni kubwa nyingine. Knights, kwa upande wake, ilionekana kama kitu cha mwisho ambacho mji ungeweza kusema, "Hiki ni chetu." Siwezi kusema kwamba wachezaji wa Knights walikuwa watu wema kuliko wa Mariners, wote walikuwa wakilipwa, na katika vita hivyo wote walilipwa vizuri. Lakini katika macho ya watu, moja ilikuwa mtoto wa nyumba na nyingine mpangaji.

Tarehe 28 Septemba 1997 Knights ilicheza fainali ya ligi ya ARL mjini Sydney. Wapinzani wake walikuwa Manly, mabingwa wa mwaka uliotangulia, timu ambayo Newcastle ilikuwa haijapata kuipiga kwa muda mrefu. Andrew Johns aliingia uwanjani akiwa na jeraha la mbavu ambalo watu wengine wangelilalia hospitalini. Hadi dakika za mwisho alama zilikuwa 16 kwa 16. Zikiwa zimesalia sekunde chache, Johns aliuchukua mpira, akakimbia upande ambao hakutazamiwa, akampa Darren Albert, naye Albert akapita katikati ya walinzi akaweka trai. Ikawa 22 kwa 16. Kwa mara ya kwanza Newcastle ilikuwa bingwa. Mji ulioambiwa mwezi wa Aprili kwamba haufai kitu, mwezi wa Septemba ulitoka barabarani kuimba. Watu walijaa njiani kuwalaki mashujaa wao, na wazee walilia bila kuona haya.

Na Mabaharia walikuwa wapi? Hapa ndipo historia ina mzaha wake mchungu. Super League ilikuwa imeandaa mashindano makubwa ya vilabu vya dunia mwaka huo, yenye timu 22: zile 10 za ligi yake katika Australia na New Zealand, na 12 za Ulaya. Timu ziligawanywa katika mafungu, na Mabaharia, waliowekwa katika fungu lililohesabiwa kuwa jepesi, walivuka hatua ya makundi. Basi mwanzoni mwa Oktoba, siku chache tu baada ya fainali ile ya Sydney, walisimama katika uwanja wa Central Park, mjini Wigan, kaskazini mwa Uingereza.

Wigan haikuwa timu ya kubezwa. Katika miaka ya themanini ya mwisho na ya tisini ya mwanzo ilikuwa imetwaa Kombe la Challenge mara 8 mfululizo, kutoka 1988 hadi 1995. Nayo Wigan pia ni mji wa makaa na viwanda, katika nchi ile ile ya kaskazini ambako raga ya ligi ilizaliwa kwa ajili ya ujira wa wachimba migodi. Vijana wa Hunter, waliokosa kupigiwa makofi nyumbani, walikwenda katika kisima cha mchezo wao na kuteka maji humo. Walishinda 22 kwa 18. Kisha waliirudia Australia, wakaipiga Cronulla, iliyokuwa ya pili katika Super League mwaka huo, wakaingia fainali.

Fainali ilichezwa tarehe 17 Oktoba 1997 katika mji wa Auckland, New Zealand. Mbele yao walisimama Brisbane Broncos, mabingwa wa Super League, waliokuwa na nyota katika kila nafasi. Mabaharia walishindwa 36 kwa 12. Waliondoka uwanjani wakiwa wa pili katika vilabu 22. Hawakujua kwa hakika kama watavaa tena fulana ile. Nao hawakuivaa tena.

Maana tembo walikuwa wamechoka. Vita vya televisheni vilikuwa vimekula mamilioni mengi ya fedha. Watazamaji walikuwa wamegawanyika, wengine wamechukia wakaacha kwenda viwanjani kabisa. Mwezi wa Desemba 1997 pande mbili zilipatana, na ligi moja, NRL, ikaundwa kwa msimu wa 1998. Amani ilikuwa njema, lakini amani hiyo ilikuwa na gharama, na gharama haikulipwa na waliovianzisha vita. Ligi mpya ilitaka timu 20 kwa mwanzo, na baadaye 14 tu. Hunter Mariners ilivunjwa. Timu ya Perth, upande wa magharibi wa nchi, ilivunjwa. South Queensland Crushers, iliyokuwa upande wa ARL, ilivunjwa. Mwaka mmoja baadaye Adelaide Rams na timu ya Gold Coast zikafuata. Matajiri wawili walibaki matajiri. Nyasi ndizo zilizoumia.

Lakini kabla hatujafunga kaburi, tutazame kilichotoka ndani yake. Mwaka 1998 timu mpya ilianza kucheza Melbourne, mji ambao haukuwa na mazoea ya raga ya ligi hata kidogo, na ikaitwa Melbourne Storm. Ilihitaji wachezaji, na timu zilizovunjwa zilikuwa nao. Kutoka Hunter walikwenda Kimmorley, Robbie Ross, Scott Hill na Richard Swain. Kutoka Perth wakaja wengine. Mnamo tarehe 26 Septemba 1999 timu hiyo ya mayatima, katika msimu wake wa pili tu, ilicheza fainali mbele ya watazamaji 107,999 mjini Sydney. Wakati wa mapumziko ilikuwa nyuma 14 kwa 0 dhidi ya St George Illawarra. Hata filimbi ya mwisho ilipopigwa, Melbourne ilikuwa imeshinda 20 kwa 18. Na medali ya mchezaji bora wa fainali alivikwa Brett Kimmorley, yule kijana aliyekosa nafasi nyuma ya ndugu wawili.

Kocha Graham Murray naye hakupotea. Alikwenda Uingereza kuifundisha Leeds, akamchukua Brad Godden, na mwaka 1999 walitwaa Kombe la Challenge katika uwanja wa Wembley. Aliporudi Australia aliziongoza timu mbili tofauti hadi fainali ya NRL, Sydney Roosters mwaka 2000 na North Queensland mwaka 2005. Alifariki mwaka 2013. Mtu anayezihesabu siku za Mabaharia kuwa za bure na aeleze, basi, ni wapi watu hawa walipojifunza kusimama pamoja bila kushangiliwa.

Sasa nimrudie mwanafunzi wangu na swali lake. Timu hii ina historia gani? Naona mafundisho matatu, nami nayatoa kwa unyenyekevu, maana kila msomaji ana akili yake.

La kwanza ni kwamba fedha inaweza kujenga timu, lakini haiwezi peke yake kuipa timu watu. Fedha ilimpata kocha mzuri, ikawapata wachezaji hodari, ikawapeleka ng'ambo kwa ndege. Haikuweza kumfanya mchimba makaa wa Cessnock aseme "sisi" anapoitaja timu hiyo. Neno hilo dogo, sisi, huota polepole kama mnazi. Hukua kwa miaka ya kushindwa pamoja, na huwa na nguvu zaidi mahali ambapo watu wamepatwa na msiba mmoja. Waliounda Hunter Mariners walidhani kwamba penye wapenzi wa raga patakuwa na nafasi ya timu yoyote ya raga. Walihesabu vichwa, wakasahau kuhesabu mioyo.

La pili ni kwamba tusiwabebeshe watumishi dhambi za mabwana. Mashabiki wa Newcastle walikuwa na haki ya kuichukia hila iliyoigawa raga yao. Hawakuwa na haki ya kuwachukia vijana 13 waliotoka jasho Jumapili. Mtu akikasirikia mwenye duka, na asimtukane mtoto anayepima sukari. Shuleni pia tuna tabia hii: bweni likikosana na bweni, mgeni aliyehamishiwa huko jana tu huchukiwa kama adui wa tangu awali.

La tatu ndilo gumu kuliko yote. Historia ya mwaka 1997 katika Newcastle, kama isimuliwavyo kwa kawaida, ni historia ya Knights: kiwanda kilichotangazwa kufa, mji uliovunjika moyo, na trai ya sekunde za mwisho. Ni historia ya kweli, na ni tamu. Mimi mwenyewe kila niisomapo hufurahi. Lakini ukweli mtamu unaweza kuufunika ukweli mwingine. Katika mji ule ule, mwaka ule ule, wako vijana wengine waliofanya jambo kubwa mbele ya wageni, wakarudi, wasione mtu bandarini. Mwanahistoria mwaminifu hana haja ya kuupunguza ushindi wa Knights ili awape hawa haki yao. Anatakiwa kuwasha taa mbili badala ya moja.

Baada ya mwaka 1997 bonde la Hunter lilirudi kuwa na timu moja, nayo Knights ikatwaa ubingwa tena mwaka 2001. Ukiuliza habari za Mabaharia, utaambiwa walikuwa wa mwaka mmoja. Ndiyo, walikuwa wa mwaka mmoja. Mahindi nayo hayafiki mwaka, na hakuna anayeuliza shamba la mwaka jana lilikuwa na faida gani, maana alikwisha kula.